Kumtuliza mbwa na paka wenye hofu: fataki, radi, upweke na safari

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Naufungua uzi huu mwezi wa Septemba kwa makusudi. Kazi ninayotaka kuieleza huchukua majuma mengi, na mtu atakayeikumbuka tarehe 30 Desemba, wakati vijana wa mtaani wamekwisha kununua fataki zao, atakuwa amechelewa.

Mbwa wangu anaitwa Simba. Ni mbwa wa kienyeji, na wakati wa tukio hili alikuwa na umri wa miaka mitatu. Usiku wa kuamkia mwaka mpya nilimfungia bandani kama ilivyokuwa desturi yetu hapa Kimara, nikaenda na familia kwenye mkesha. Tuliporudi saa nane za usiku tulikuta wavu wa banda umetafunwa hadi ukatoboka, kuna damu kwenye ncha za waya, na mbwa hayupo. Tulimpata siku ya tatu kwenye mtaro nyuma ya shule ya msingi, meno mawili ya mbele yamevunjika na makucha yamechubuka. Kilichoniumiza zaidi, na ninakiandika ili mwingine asikirudie, ni kwamba miezi mingi kabla ya usiku huo Simba alikuwa amenionyesha kwa kila njia aliyo nayo kwamba kelele zinamtisha, nami nilikuwa nikimchapa fimbo kila alipojipenyeza jikoni wakati wa radi, nikidhani kwamba ni ukaidi.

Tuanze na masikio yao. Binadamu mwenye usikivu mzuri husikia sauti hadi kufikia hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika kwenye hezi 45,000, na paka hupita hapo na kukaribia hezi 64,000. Mlio unaotukera sisi humfikia mnyama ukiwa na mambo ambayo masikio yetu hayayapati kabisa. Tena hajui umetoka wapi wala utakoma lini, na akiwa amefungwa mnyororo hawezi kufanya lile ambalo mwili wake unamwamuru afanye, yaani kukimbia. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, hamu ya chakula hukatika. Ndiyo maana mbwa aliyeshikwa na hofu kubwa hukataa hata kipande cha nyama, na ndiyo maana amri na kiboko havina kazi wakati huo. Kiboko humwongezea kitu cha pili cha kuogopa, nacho ni wewe mwenyewe.

Watu wengi hungoja mpaka mbwa atetemeke ndipo waseme kwamba anaogopa, ilhali dalili huanza mapema sana. Mbwa asiye na usingizi hupiga miayo, hulamba midomo wakati hakuna chakula, hugeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, huhema na hali hakuna joto, hukunja mkia tumboni, huzunguka bila kutulia au humfuata mtu mmoja kila aendako. Paka ni msiri zaidi. Hujikunyata, hulaza masikio, mboni zake hutanuka, hujificha, huacha kula, hujilamba sehemu moja mpaka manyoya yanatoka, au huanza kukojoa mahali ambapo hakuwahi kukojoa. Paka wa namna hiyo husemwa kuwa amekuwa mchafu au mtukutu, naye anafukuzwa nje, na hofu yake inazidi.

Nikate kwanza mzizi wa fikra moja iliyonipoteza kwa miaka. Nilifundishwa kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamzawadia woga wake, kwa hiyo ataogopa zaidi kesho. Hofu si tendo ambalo mnyama hulichagua ili apewe zawadi. Ni hali inayompata. Mbwa akija kujibanza miguuni mwako wakati wa ngurumo, mkubali. Keti chini, mwekee mkono kifuani ukimpapasa polepole, sema naye kwa sauti ya kawaida, na akitaka kuondoka mwache aondoke. Usimshike kwa nguvu, wala usimburute nje ili azoee. Mnyama anayelazimishwa kusimama mbele ya kitu kinachomtisha huweza kunyamaza kimya kabisa, watu wakasema kwamba amepona, kumbe amekata tamaa.

Mafunzo yenyewe yana sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza ni kumsikilizisha mlio kwa kiwango kidogo ambacho hakimtishi, na pili ni kuufanya mlio huo uwe habari njema. Nilipakua sauti za fataki kwenye simu, nikaanza kuzicheza kwa sauti ya chini kiasi kwamba Simba aligeuza sikio moja tu na kuendelea kulala. Mara tu mlio uliposikika nilimpa kipande cha utumbo wa kuku uliochemshwa. Mpangilio huu ndio roho ya kazi yote: mlio utangulie, chakula kifuate papo hapo, na mlio ukikoma chakula nacho kikome. Ukianza na chakula kisha mlio, mbwa mwerevu atajifunza kwamba utumbo ni dalili ya mabaya yanayokuja, na utakuwa umeharibu vyote viwili.

Nilifanya hivyo dakika tano kila jioni. Sauti niliipandisha kidogo sana, na kila alipoacha kula, aliposimama au alipotazama mlango nilijua kwamba nimekwenda mbio, nikarudi chini. Kuna wiki nzima ambayo hatukusogea hata hatua moja. Ilinichukua kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba kufika kwenye sauti ya juu ya spika ndogo, na sijui njia ya mkato. Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha mwaka 2020 matokeo ya utafiti uliowahoji wenye mbwa zaidi ya 1,200 kuhusu hofu ya fataki, na zaidi ya asilimia 70 ya waliotumia njia ya kutoa kitu kitamu au mchezo kila baada ya mlio walisema kwamba iliwasaidia mbwa wao. Jambo linalonipa moyo katika utafiti huo ni kwamba njia yenyewe hufanya kazi hata usiku wa fataki halisi, mradi mbwa bado anaweza kula.

Radi ni ngumu kuliko fataki. Mbwa haogopi mngurumo tu. Anasoma upepo unaobadilika, giza la wingu, harufu ya mvua na mwanga wa umeme, na simu haiwezi kuyaiga hayo. Kwa ajili ya radi nilimfundisha Simba kutulia juu ya gunia moja lililokunjwa. Siku za jua nilimngoja alale juu yake kwa hiari, nikamwekea dagaa mmoja mmoja katikati ya miguu ya mbele, taratibu, bila maneno mengi, mpaka gunia lile likawa mahali pa kushusha pumzi. Sasa wingu likitanda mimi hutandika gunia hilo ushorobani naye huja mwenyewe.

Usiku wenyewe wa mwaka mpya utaratibu wetu ni huu. Alasiri tunatembea mwendo mrefu, jua likizama anakula na kujisaidia, kisha anaingia ndani ya nyumba na geti linafungwa. Tunapafanya mahali pake kwenye ushoroba usio na madirisha, tunafunga mapazia, tunawasha feni na redio, na mtu mmoja wa familia hubaki naye. Kuhusu muziki, mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Glasgow na Scottish SPCA, shirika la kulinda wanyama la Uskoti, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa mbwa wa makazi ya wanyama, yaani vituo vinavyotunza wanyama wasio na wenyewe: muziki uliwatuliza, na rege pamoja na roki laini vilionekana kuwafaa zaidi, ingawa kila mbwa alikuwa na upendeleo wake na walichoka kusikia aina moja kila siku. Kwa hiyo rege nyumbani kwangu inapigwa usiku huo, nami nabadilisha albamu.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kwa kadiri ya nilivyojifunza, na penye ugonjwa nitawaelekeza kwa daktari wa mifugo.

Mchangiaji kutoka Mwanza: Mkuu, nashukuru kwa somo hili. Tatizo langu ni kwamba mbwa wangu ni wa ulinzi, na nilishauriwa nimfungie gizani mchana kutwa ili usiku awe mkali. Je, nikimzoesha watu na kelele hatakuwa mlegevu, wezi wakaingia?

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, swali lako ndilo ambalo nilitamani liulizwe, kwa sababu ushauri huo umetolewa kwa wengi wetu. Mbwa anayefungiwa gizani mchana kutwa hana ujasiri. Ana hofu iliyokosa pa kukimbilia. Mbwa huyo atamng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira kwa urahisi uleule ambao angemng'ata mwizi, na mwizi akirusha baruti moja getini anaweza kukimbia kama Simba wangu alivyokimbia. Mlinzi unayemhitaji ni yule anayejua mlio wa kawaida wa mtaa, anayemtambua muuza maziwa na kijana wa bodaboda anayeleta mzigo, kisha akabweka pale anapoona jambo lisilo la kawaida.

Ujasiri huo hujengwa mapema. John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha kazi yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi mtoto wa mbwa hupokea watu na mambo mapya kwa urahisi ambao hautarudi tena. Kwa paka dirisha hilo la kuzoea mambo ni fupi zaidi, kama wiki ya pili hadi ya saba. Kwetu mtoto wa mbwa huchukuliwa kwa mama akiwa na wiki nne au tano, anafungiwa bandani, na dirisha linafungwa akiwa hajamwona mtu yeyote zaidi ya anayemletea ugali. Mwache kwa mama hadi afikishe wiki nane, huku wewe ukienda kila siku na watoto, mwavuli, redio na wageni wapole.

Kwa mbwa wako wa sasa, hamisha banda kutoka getini. Pale kila mpita njia ni tishio, na watoto wakirusha mawe hana pa kujificha. Mpeleke nyuma ya nyumba penye kivuli na ukuta pande tatu, mwondolee mnyororo ikiwa una uzio, na mtembeze kila siku. Nikukumbushe pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Niongeze tahadhari moja inayohusu maisha ya watu. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, aliyekuwa mpole akawa anashambulia au aliyekuwa mkali akawa mzubaifu, anayetokwa mate, aliyebadilika sauti au anayeshindwa kumeza, huyo si wa kutulizwa kwa utumbo wa kuku. Msimguse, mwiteni afisa mifugo, kwa sababu inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Mchangiaji kutoka Tanga: Kaka, mimi nina paka dume. Tulihama nyumba wiki iliyopita, tukambeba kwenye kiroba kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Tangu tufike amekaa chini ya kitanda, anatoka usiku tu, na jana alikojoa kwenye godoro. Mume wangu anasema tumtoe nje alale barazani.

Mwanzisha uzi: Pole sana dada yangu, na tafadhali msimtoe nje. Paka hushikamana na mahali kama mbwa anavyoshikamana na watu. Ninyi mmehama pamoja na watu wenu, lakini yeye amepoteza kila harufu aliyoijua, tena kwa kupitia gizani ndani ya kiroba. Akitolewa nje sasa anaweza kuanza safari ya kurudi nyumba ya zamani na kugongwa njiani.

Mpunguzieni dunia. Mpeni chumba kimoja, chenye maji, chakula na beseni la mchanga, chakula kikae mbali na choo. Wekeni kanga ambayo mmeilalia, wala msiifue. Mpeni boksi la karatasi ngumu, hata lile la mafuta ya kupikia, mlilaze ubavu mlango ukitazama ukuta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwapa nusu ya paka wapya wa makazi ya wanyama maboksi ya kujificha, na wenye maboksi walitulia haraka kuliko wenzao. Paka akijificha anajitibu, kwa hiyo asivutwe mguu kutoka chini ya kitanda. Mwekeeni pia mahali pa juu, kama kabati lenye kitambaa, kwa kuwa paka akiona chumba chote kutoka juu moyo wake hutua.

Wewe ingia, keti sakafuni pembeni, usimkazie macho. Akikutazama, fumba macho polepole kama mtu mwenye usingizi, kisha geuza uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ufumbaji huo kwa kufumba macho nao, na kwamba humsogelea zaidi mgeni aliyewafanyia hivyo. Kwa paka wangu mwenyewe, Kijivu, ilichukua siku sita za kukaa naye nusu saa kila jioni.

Godoro lioshwe kwa maji na sabuni ya unga isiyo na klorini. Usitumie dawa kali zenye harufu kama ya mkojo, kwa sababu zitamwita arudi palepale.

Sasa sikiliza kwa makini jambo hili. Kwa kuwa ni dume, mchunguze anavyokojoa. Akijikunja mara kwa mara kwenye mchanga na kutoa matone tu au kutotoa kitu, akilia na kulamba sehemu zake, msisubiri asubuhi. Msongo huweza kuwasha kibofu cha paka, na kwa dume njia ya mkojo ni nyembamba na huziba. Akiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Vilevile paka aliyekataa kula kabisa kwa siku mbili apelekwe kwa daktari, maana ini lake hudhurika upesi.

Mchangiaji kutoka Nairobi: Habari. Je, hakuna dawa? Rafiki yangu humpa mbwa wake nusu ya kidonge cha usingizi cha mama yake, na mwingine alimpa paka Panadol ili atulie.

Mwanzisha uzi: Ndugu, tafadhali mwambie huyo wa pili leo hii kwamba parasetamoli, yaani hiyo Panadol, humuua paka. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumaliza uhai wake. Kuhusu vidonge vya usingizi vya binadamu, diazepamu ya kumeza imewahi kuharibu ini la paka kiasi cha kuwaua. Hata dawa ambayo madaktari wa mifugo huitumia, kama gabapentini, ikinunuliwa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya watu inaweza kuwa na zailitoli, sukari mbadala ambayo ni sumu kwa mbwa.

Dawa halali zipo, na sioni aibu yoyote katika kuzitumia. Klomipramini na fluoksetini hutolewa kwa mbwa wenye hofu ya kuachwa peke yao, na huchukua majuma kadhaa kabla hazijaonyesha matokeo. Kwa usiku mmoja wa fataki kuna trazodoni, gabapentini, na jeli ya deksmedetomidini ambayo hupakwa kwenye ufizi na iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ajili ya mbwa wanaoogopa kelele. Mwombe daktari akuandikie kipimo, na dawa ya usiku mmoja uijaribu kwanza siku ya kawaida. Ukipewa asepromazini peke yake, uliza maswali: mbwa hulala chini na kuonekana mtulivu, lakini hofu yake inaweza kubaki ileile ndani ya mwili usioweza kusimama.

Feromoni za kuchomeka kwenye umeme, yaani kemikali za kuiga harufu ambazo wanyama hupashana habari kwazo, na fulana za kubana mwili zina watu wanaozisifu na ushahidi usio na nguvu sana. Hazidhuru, ila fedha hiyo ningeitumia kwanza kumwona daktari, hasa kwa mbwa aliyeanza kuogopa kelele ukubwani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha mbwa wanaoogopa kelele, na wale waliokuwa na maumivu ya viungo au misuli walikuwa wameanza hofu hiyo wakiwa na umri mkubwa kuliko wenzao. Mlio humshtua, misuli inakaza, kiungo kinauma, naye anaunganisha mlio na maumivu.

Mchangiaji kutoka Moshi: Mkuu, mbwa wangu hulia kutwa nikienda kazini na ametafuna kandambili na mlango. Nikirudi huinamisha kichwa, maana anajua kosa lake.

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, hajui. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alichapisha mwaka 2009 jaribio lililoonyesha kwamba uso huo wa kujuta hutokea mwenye mbwa anapogomba, iwe mbwa ametenda kosa au hakutenda. Anausoma uso wako. Ukimwadhibu jioni, kesho yake ataanza kuogopa kuondoka kwako na kurudi kwako pia.

Anza na kutoka kwa sekunde kumi, urudi kabla hajalia, kisha nusu dakika, dakika moja, dakika tatu. Shika funguo na kuvaa viatu mara nyingi bila kwenda popote, mpaka vitu hivyo visiwe tangazo la upweke. Wakati unapoendelea na mazoezi hayo usimwache peke yake muda mrefu ukiweza. Mwombe jirani au ndugu akae naye. Mfupa mbichi mkubwa au kopo lenye ugali ulioganda mpe dakika chache kabla ya kutoka.

Mchangiaji kutoka Tanga: Kaka, paka ametoka chini ya kitanda na anakula. Kesho kutwa tunampeleka chanjo kwa bodaboda. Nimbebe vipi safari hii?

Mwanzisha uzi: Nimefurahi mno, dada. Tafuta tenga la plastiki lenye kifuniko, lile la kubebea kuku, au boksi gumu lenye matundu. Liweke chumbani leo likiwa wazi, na ile kanga ambayo hamkuifua ndani yake, umlishie humo. Siku ya safari asile kwa muda wa saa tatu hivi kabla ya kuondoka, funika tenga kwa kanga nyingine ili asione magari, ulipakate mapajani kati yako na dereva badala ya kulining'iniza pembeni, na mwombe dereva aende polepole. Mkifika msikae karibu na mbwa, wala tenga lisiwekwe sakafuni. Ikiwa nyumbani kuna paka mwingine, mtenge huyu mpaka kesho yake, kwa sababu atarudi na harufu ya daktari na mwenzake anaweza kumshambulia kama mgeni. Futa wote wawili kwa kitambaa kimoja kabla ya kuwakutanisha.